Haki ya Kukibadili Kilichorithiwa

Kila tunapozungumzia utamaduni wa taifa, neno "asili" halikawii kutajwa. Husemwa kwamba ngoma hii ni ya asili, nyumba ile si ya asili tena, au desturi fulani imepoteza asili yake. Aghalabu msemaji hatuelezi asili hiyo ilianzia wapi, wala ni nani aliyekabidhiwa mamlaka ya kuilinda. Katika makala haya nakusudia kulichunguza neno hilo kwa njia ambayo huenda ikaonekana duni mbele ya wasomi, yaani kwa kulitazama gari kuukuu linalotengenezwa upya nyumbani. Nimelichagua gari kwa sababu fundi, tofauti na mwanafalsafa, hana nafasi ya kuahirisha jibu. Akishashika spana hana budi kuamua kipi kibaki na kipi kitoke.

Bweranyange, katika Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, ni mahali panapolifaa swali hili. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Omukama wa Karagwe, na hapo ndipo Rumanyika alipowapokea Waingereza Speke na Grant mwaka 1861, kisha Stanley mwaka 1876. Stanley aliacha maelezo na mchoro wa nyumba ya hazina ya mfalme, iliyokuwa na mikuki na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mapokeo yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi. Miongoni mwa vyombo vya utawala wa Karagwe zilikuwamo nyundo na fuawe ambazo hazikuundwa kwa ajili ya kufulia jembe wala mkuki, bali kwa ajili ya kuonyesha kwamba mwenye kutawala ndiye mwenye kukiamuru chuma. Baadhi ya vitu hivyo vimo leo katika makumbusho, hapa nchini na ng'ambo. Kwa hiyo watu wa Bweranyange si wageni wa swali la nini kifanyike kwa chuma kilichoachwa na marehemu.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mzee mmoja wa kijiji cha huko amefariki na kuacha shamba la migomba na kahawa, nyumba, na Land Rover ya aina ya 109 iliyoundwa katika miaka ya 1960. Namba hiyo ni hesabu ya inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nayo yatosha kumweleza msomaji kwamba ni gari refu, la kubeba watu wengi na mizigo. Gari hilo limesimama kando ya migomba miaka mingi, limeegemezwa juu ya magogo. Warithi wawili wamekubaliana kwamba litengenezwe, lakini hawakubaliani litengenezwe liwe nini. Mkubwa, ambaye ameajiriwa Dar es Salaam, anataka lirudi kama lilivyokuwa siku baba alipolileta, yaani injini ileile ya petroli, rangi ileile ya kijani, hata viti vilevile vya mbele. Mdogo, aliyebaki nyumbani, anataka kulitia injini ya dizeli ya Toyota, kuliongezea springi na kulijengea nyuma sanduku la kubebea kahawa, pamoja na benchi ambalo mgonjwa ataweza kulazwa wakati wa kupelekwa hospitali ya Nyakahanga.

Kabla ya kuwasikiliza, yafaa tulikague gari lenyewe, kwa maana mabishano mengi ya namna hii hupotoka kwa kuwa wanaobishana hawajainama kutazama chini ya kitu wanachokibishania. Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya bati la alumini, lakini chesisi ni ya chuma. Bati haliozi kama chuma, kwa hiyo mtu akilitazama gari kwa mbali huliona zima. Ukweli umejificha chini. Udongo mwekundu wa Karagwe huingia ndani ya chesisi kupitia matundu yake, hukaa humo na kushika unyevu mvua inyeshapo, na boriti ya nyuma huoza kutokea ndani kwenda nje. Fundi hupima kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya kufa. Tena pale ambapo alumini imegusana na chuma bila kitu katikati, maji yakipata nafasi alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Kwa hakika hata yule anayetaka gari lirudi kama lilivyokuwa atalazimika kukata na kuchomelea vyuma vipya. Jambo linalobishaniwa, basi, ni kiasi cha mabadiliko na madhumuni yake, kwa kuwa mabadiliko hayaepukiki.

Injini nayo ina habari yake. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ni mashine yenye subira kubwa. Huvumilia mafuta mabaya na dereva mbaya, na fundi wa kijijini anaweza kuifungua na kuifunga akiwa na spana chache. Lakini ikiwa imebeba mzigo mlimani, lita moja huisha kwa kilometa tano au sita. Kwa mtu anayeliendesha mara mbili kwa mwaka, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu ambaye kila wiki anapeleka kahawa Kayanga, ni tofauti ya kupata na kukosa.

Mdogo husema, "Kaka, wewe unalikumbuka gari. Mimi ndimi ninayelisukuma."

Naye mkubwa hujibu, "Mdogo wangu, ukiitoa injini ya baba utabakiwa na bati."

Maneno ya mkubwa yana uzito, nami sitaki yapuuzwe. Kuna watu wanaodhani kwamba kila anayependa vitu vya zamani anapenda enzi za zamani pamoja na dhuluma zake, au ni mtu wa mjini anayejitafutia pambo. Sivyo hata kidogo. Gari hilo lilikuwa kazi ya miaka mingi ya mtu mmoja. Usukani wake umelainika mahali mkono wake ulipozoea kushika. Mtoto aliyelala kwenye benchi la nyuma, akisikia mngurumo ule wakati wa kuvuka mto Kagera pale Kyaka, anakumbuka sauti yenyewe, na sauti hiyo haitatoka katika injini nyingine. Ni haki kuulizwa: kama tunaondoa sauti, tunaondoa rangi na tunaondoa umbo, tumebakiza nini tunachoweza kukiita urithi?

Lakini yatupasa tuiulize hoja hiyo swali lililo gumu zaidi: hilo linaloitwa asili, lilikuwa asili ya nani? Land Rover ilibuniwa Uingereza mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, na mtu aliyekuwa na gari la Jeep la jeshi la Marekani katika shamba lake. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep hiyohiyo. Bodi ikafanywa ya alumini si kwa sababu ya falsafa yoyote, bali kwa sababu chuma kilikuwa adimu na alumini ilipatikana kwa wingi, kwa kuwa viwanda vilivyounda ndege za vita vilikuwa vimepunguza kazi. Yaani hicho ambacho ndugu yetu anataka kukirudisha katika hali yake safi kilizaliwa kikiwa kiraka. Marekani nako mambo ni hayohayo. Magari yao yenye nguvu nyingi, ambayo vijana wa huko huyafufua nyumbani kwa mapenzi makubwa, yalitokana na tendo la kuchukua injini ya gari kubwa na kuitia katika gari la kadiri. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo hutajwa mara kwa mara kuwa mwanzo wa ukoo huo. Leo, ajabu ni kwamba matajiri hulipa fedha nyingi zaidi kwa gari ambalo namba ya injini yake inapatana na ile iliyotoka nayo kiwandani. Watoto wa wabadilishaji wamekuwa walinzi wa mabadiliko ya baba zao.

Hapa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali. Joginder Singh wa Kenya alishinda mbio za Safari mwaka 1965 akiendesha Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia, na Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulilijua kama gari la abiria. Hakuna dereva wa mbio hizo aliyepita katika tope la nchi zetu bila fundi wake kuimarisha hiki na kupunguza kile.

Wanafalsafa wa Ulaya wana kitendawili chao cha zamani juu ya jambo hili. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa Theseus kwa kutoa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hata wenye hekima wakabishana kama merikebu ilikuwa ileile au nyingine. Katika karne ya 17 Mwingereza Hobbes aliongeza utata: je, mtu angeziokota zile mbao kuukuu na kuziunga, ipi ingekuwa merikebu ya kweli? Ni kitendawili kizuri, nacho kimewashughulisha wasomi wengi. Kasoro yake ni kwamba kimeulizwa na watu waliosimama pwani. Hakuna anayemuuliza baharia kama ubao uvujao ubakizwe kwa heshima ya Theseus.

Wazee wetu walikuwa na merikebu zao za namna hiyo, wala hawakuona kitendawili. Ngozi ya ngoma ikipasuka huwambwa nyingine, na hapana asemaye kwamba ngoma imekufa. Nyumba ya msonge huezekwa upya kila nyasi zinapochakaa. Jirani zetu wa Buganda walijengewa na Mutesa wa Kwanza, mwaka 1882, nyumba kubwa pale Kasubi ambayo baadaye ikawa makaburi ya wafalme. Mwaka 1938 nguzo za saruji na vyuma zilitiwa ndani yake na kufichwa kwa vifaa vya kale. Ilipoungua Machi 2010 ilijengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Waganda waliokuwa wakiingia kuwaheshimu wafalme wao kabla ya moto hawakuwa wakiheshimu nyasi za mwaka 1882.

Je, basi kila kitu kiweza kubadilishwa? Hapana. Tuseme fundi mmoja akabidhiwe ng'ombe wa chuma wa Bweranyange, naye, akiwa na nia njema kabisa, ayayeyushe yale mapembe na kutengeneza bawaba za mlango wa shule. Shule ina manufaa kuliko sanamu, lakini kila mmoja wetu angeona kwamba tendo baya limetendeka. Sababu ni kwamba ng'ombe yule hana kazi nyingine isipokuwa kushuhudia. Yeye ni neno la mhunzi aliyekwisha kufa, na alama za nyundo yake ndizo sauti pekee aliyotuachia. Ngoma ni chombo cha kazi, na uhai wake umo katika kupigwa. Ng'ombe wa chuma ni chombo cha ushahidi, na uhai wake umo katika kutoguswa.

Ugumu wa gari la zamani ni kwamba limesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Lilikuwa chombo cha kazi, na miaka inaligeuza polepole kuwa shahidi. Tukumbuke mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na daraja la Kyaka kuvunjwa. Magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa nchini kote kubeba askari na vyakula, na mengine hayakurudi. Gari lililorudi, likiwa na shimo la risasi katika mlango, je, fundi bodi aliandike kwa gundi na kulipiga rangi? Mimi ningemkataza. Shimo lile halipunguzi mwendo, halileti mvua ndani kwa kiasi cha kudhuru, na linasema jambo ambalo kitabu hakisemi kwa nguvu ileile. Lakini singemkataza kubadilisha injini ya gari hilohilo. Sehemu moja ya kitu yaweza kuwa ushahidi na sehemu nyingine kuwa kazi. Anayeshindwa kuzitenga atakosea ama kwa kufuta kila kitu ama kwa kugandisha kila kitu.

Sasa nafikia jambo ambalo naliona kuwa ndicho kiini, nalo huachwa nje kila tunapojadili asili. Kutobadilika kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mtu. Ndugu aliye Dar es Salaam anapotaka injini ya baba ibaki, anayetoa fedha ya petroli ni yule aliye Bweranyange. Akitaka gari libaki na springi zake za zamani, mgonjwa anayerushwarushwa njiani si yeye. Naona ni kanuni ya haki kwamba anayedai kitu kibaki kama kilivyo awe tayari kuubeba mzigo wa kubaki kwake. Kaka akisema, "Nitaleta petroli, na nitakununulia pikipiki ya kazi zako," basi dai lake limepata miguu, na mdogo hana haki ya kulikataa kwa ukaidi. Asipokuwa tayari kufanya hivyo, anachokitaka ni kumbukumbu yake itunzwe kwa jasho la mwingine.

Kanuni hii haiwahusu ndugu wawili tu. Mara ngapi sisi tunaoandika juu ya utamaduni tumewasihi wanavijiji wasiache nyumba za nyasi, nasi tunaandika maneno hayo chini ya paa la bati? Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alitaka mema ya mila zetu yatafutwe na kufanywa mali ya taifa zima. Na katika hotuba ileile alionya vilevile dhidi ya kukataa kujifunza kwa wengine. Sehemu ya kwanza hunukuliwa zaidi kuliko ya pili. Kama taifa lataka msonge mmoja ubaki Karagwe uwe ushahidi, na taifa lilipe mwezekaji. Lisimwombe mjane aishi ndani yake kwa niaba yetu.

Hata hivyo mdogo naye asidhani kwamba ameshinda kesi na aweza kufanya apendavyo. Anayebadilisha ana wajibu wake, na wa kwanza ni kwa watu watakaopanda. Ukikiongezea nguvu kiungo kimoja cha gari, vingine vyote hudai. Injini mpya yenye nguvu zaidi huzivunja ekseli za nyuma, ambazo katika Land Rover za zamani zilijulikana kwa udhaifu. Uzito wake huzilaza springi za mbele. Zaidi ya yote, breki zinabaki zile za miaka ya 1960, zilizopimwa kwa mwendo na mzigo mdogo. Kuna mafundi hodari wa kuongeza mwendo ambao hawajui lolote juu ya kuusimamisha, na kwenye miteremko ya Karagwe, gari likiwa limejaa magunia na watu juu ya magunia, ujinga huo ni sawa na uuaji. Mdogo ambaye hana fedha ya breki hana fedha ya injini.

Wajibu wa pili ni ukweli. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, na anayebadili injini hupaswa kutoa taarifa ili kadi nayo ibadilishwe. Wengi huuona utaratibu huo kuwa usumbufu wa ofisi. Mimi naona una hekima ndani yake, kwani unamruhusu mtu kubadili lakini haumruhusu kudanganya. Katika biashara ya magari ya kale duniani, uovu mkubwa ni kugonga namba za uongo juu ya injini ili kitu kipya kiitwe cha kale. Kiraka kinachojulikana ni kiraka hakidhuru mtu.

Upo pia wajibu kwa maarifa, nao naona ni mzito kuliko unavyodhaniwa. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama walivyofanya baba zao, kazi iliyokuwa imekoma kwa miongo kadhaa baada ya vyuma vya kigeni kuenea. Wazee walilazimika kujaribu zaidi ya mara moja hata mikono yao ikakumbuka. Tanuri zilizofukuliwa karibu na Ziwa Victoria zilionyesha kwamba ufundi huo ulikuwako kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, nao nusura upotee katika umri wa mtu mmoja, wakati majembe yenyewe yangali ghalani. Kwa hiyo ninapowaona vijana wamelala chini ya gari katika gereji bubu, wakichonga kipande kwa tupa kwa sababu spea haipatikani, naona mahali ambapo uhunzi umehamia. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha katika tamasha, na mengi kati yake yalikuwa kuukuu. Magari hayo hayakufika pale kwa sababu yalihifadhiwa. Yalifika kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kuyafungua. Kama ndugu zetu wawili watalipeleka gari mjini na kulirudisha likimetameta, bila mtoto yeyote wa nyumbani kushika spana, watakuwa wamerithi bati, kama kaka alivyohofia, ingawa si kwa sababu aliyoitaja.

Nikiulizwa ningeshauri nini, ningesema injini ya dizeli itiwe, breki zitangulie, usukani wa baba ubaki, na rangi iwe ileile ya kijani, kwa kuwa rangi haimgharimu mdogo chochote zaidi. Ile injini ya petroli isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Itolewe maji, imiminiwe oili katika silinda, matundu yazibwe kwa vitambaa, ifungwe kwa turubai na kuwekwa ghalani juu ya mbao ili isiguse udongo. Kila baada ya miezi michache mtu aizungushe kwa mkono pistoni zisigande. Kazi hiyo ya kuzungusha apewe kaka, kila ajapo likizo.